Minazi Kumi na Minne ya Kahonzi

Siku ya kwanza Muhidin Zein alipofika kwenye kinu cha pamba kilichokufa, nje ya Malindi kwenye njia ya kwenda Gede, hakutoa hata salamu. Ilikuwa Aprili ya mwaka 1986, mawingu yameanza kujikusanya, na yeye alikuwa na haraka zake. Aliegesha pikapu mbele ya lango lenye kutu, akamwona mwanamke mmoja, umri umeshamwendea kiasi, ameinama akipalilia shina la mnazi. Akachomoa noti ya shilingi ishirini, akaipitisha kwenye waya.

"Mama, njoo ufungue."

Mwanamke hakuinuka. Alimaliza shina lake, akakung'uta udongo kwenye kijembe, ndipo akageuka.

"Hiyo ya nini?"

"Ya kufungulia."

"Lango halina kufuli, bwana. Limefungwa kamba ya katani. Hata mbuzi hulifungua, tena bure."

Muhidin akarudisha noti mfukoni, akafungua mwenyewe, akaingia na uso umemvimba. Ndivyo alivyojuana na Kahonzi Kambi.

Muhidin hakuwa mtu wa kuvimbishwa uso na kila mtu. Alianza na kopo moja la mafuta ya taa mtaani Shela, akiuza kwa chupa ya soda mlango hadi mlango, kisha akahamia kwenye makaa, kisha akapata pikapu ya kupelekea makaa mahotelini. Huko mahotelini ndiko alikoona mambo yanageuka. Mpishi mmoja wa Watamu alimwonyesha jiko jipya, akazungusha kitasa, moto wa buluu ukatoka bila moshi wala majivu. Muhidin alisimama pale akiutazama moto ule, na hakuona jiko. Aliona mwisho wa biashara yake ya makaa. Wiki iliyofuata alikuwa Mombasa, ofisini kwa kampuni ya gesi, akitaka uwakala wa Malindi na Watamu yote. Wakamwambia sawa, lakini tafuta mahali pa kuweka ghala la mitungi: pawe mbali na nyumba za watu, pawe na sakafu ya saruji na njia ya lori. Na pawe tayari kufikia mwisho wa Oktoba, kabla ya msimu wa watalii kushika kasi, maana kulikuwa na tajiri mmoja wa Mtwapa aliyekuwa akiutaka uwakala huo huo na alikuwa na malori yake mwenyewe.

Kinu kile kilikuwa na kila kitu. Banda kubwa la mabati, sakafu nene, barabara ya lori. Kitu kimoja tu kilimtia wasiwasi: minazi kumi na minne, mirefu, imebeba vizuri, imezunguka banda pande tatu.

Katika kupatana kwake bei, Muhidin alikuwa na desturi ya kutouliza swali ambalo jibu lake litamgharimu. Siku ile hasira ilimfanya ajisahau.

"Minazi hii ya nani?"

"Yangu. Nimeipanda mimi kwa mikono hii, mmoja mmoja."

Alitamani asingelisikia jibu lile, lakini masikio yalikuwa yake na alilisikia.

Kwa mgeni kutoka bara jambo hili lingekuwa kichekesho, lakini kwa mtu wa pwani halina ajabu: ardhi inaweza kuwa ya huyu, na miti iliyo juu yake ikawa ya yule. Warithi wa ardhi ile walikuwa Mombasa, na walipomkodisha Muhidin kiwanja walimwambia wazi, "Ardhi ni yetu. Minazi si yetu. Marehemu baba alimruhusu mtu apande. Malizana na mwenyewe."

Mwenyewe huyo alizaliwa upande wa Ganze, ambako mvua ikikosa misimu miwili watu hufunga mizigo. Alishuka pwani na mumewe Lewa mwaka 1959, wote wawili wakapata kazi kinuni. Lewa alibeba marobota ya pamba. Kahonzi alikaa na wanawake wenzake kwenye banda la kuchagua, wakitoa majani na takataka kwenye pamba, vumbi jeupe likiwaingia puani na kooni kuanzia asubuhi hadi king'ora. Kikohozi alichokipata mule hakikumwacha tena. Kwa kuwa hakuwa na shamba, alimwomba mwenye kinu ruhusa ya kupanda minazi pembezoni mwa uwanja, na mzee yule, ambaye hakuwa mwepesi wa kutoa, akamjibu mbele ya wafanyakazi, "Panda. Ardhi yangu, mti wako." Akapanda mitano.

Mwaka 1967 robota liliporomoka kutoka juu ya rundo likamkuta Lewa chini. Matanga hayajaisha, akatokea mdogo wa marehemu, Dena, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Mombasa, amevaa shati jipya, kuja kumrithi mjane kama mila ilivyotaka. Kahonzi alimtazama kuanzia juu hadi chini.

"Shemeji, mume mmoja nimeshambeba hadi kaburini. Wa pili atajibeba mwenyewe."

Watu walicheka matangani. Dena hakucheka, na miaka kumi na tisa baadaye alikuwa bado hajacheka. Kahonzi akarudi kwenye pamba, akapanda minazi tisa mingine, akawaogesha watoto wake na kuimwagilia miti yake kwa ndoo hiyo hiyo. Kinu kilipofungwa mwaka 1978 wenzake walitawanyika. Yeye alibaki, akajenga kibanda cha makuti ng'ambo ya njia, akaishi kwa nazi, makuti na madafu.

Haya yote Muhidin aliyajua kabla ya mwezi wa tano, kwa sababu alikuwa mtu wa kuulizia. Alijua pia kwamba Dena alikuwa amerudi Gede, kwamba alikuwa na kinyongo, na kwamba mtu mwenye kinyongo huuza rahisi. Basi akamfuata. Kwa mila mali ya marehemu husimamiwa na ndugu zake, na mjane aliyekataa kurithiwa, Dena alisema, amejitoa mwenyewe. Muhidin hakubishana wala hakuuliza lolote. Karatasi ikaandikwa, Dena akatia kidole gumba, mashahidi wawili wakatia vyao, na bei ikawa nusu ya ile ambayo Kahonzi angeikataa.

Jioni alimsimulia mkewe Hafidha jinsi biashara ilivyokwenda.

"Yule mama ulimkuta akifanya nini siku ile?" Hafidha akauliza.

"Akipalilia."

"Na Dena ulimkuta akifanya nini?"

"Amekaa tu, yuwanywa chai."

Hafidha akamwekea sahani ya wali mbele yake. Muhidin akala. Alijua mkewe alikuwa na maana gani, na hilo halikumzuia kula.

Juni akaja Musembi, fundi mkaguzi wa kampuni, Mkamba mpole mwenye faili na futi ya kupimia. Alizunguka banda lote. Shimo la injini ya zamani akaamuru lijazwe kifusi, kwa sababu gesi ni nzito, alisema. Haipandi juu kama moshi, inatambaa chini kama maji na kulala kwenye mashimo. Kuta zitobolewe matundu karibu na sakafu ipate kutoka. Ua wa waya ujengwe. Minazi yote ikatwe, kwa kuwa kuti kavu ni kuni na nazi ikidondokea kichwa cha mtungi ni msiba. Na kuanzia ukutani, hatua ishirini kila upande, pasiwe na moto wa aina yoyote.

Kahonzi alikuwa amesimama karibu akisikiliza. Musembi akamgeukia, akapaza sauti kana kwamba kizee yule ni kiziwi.

"Mama, umesikia? Hapa hata kiberiti ni mwiko! Nikikuta jivu la jiko hapa, ghala silipitishi!"

"Nimesikia vizuri sana, mwanangu," akasema Kahonzi. "Hatua ishirini."

Muhidin alicheka. Baadaye alikikumbuka kicheko kile mara nyingi kuliko alivyopenda.

Shimo likajazwa, matundu yakatobolewa, nguzo za ua zikasimama. Agosti akaenda na watu watatu wenye mashoka, wenyeji wa hapo hapo. Kahonzi akawakuta kwenye mnazi wa kwanza.

"Mwafanya nini?"

"Minazi nimeinunua, mama," akasema Muhidin. "Kwa Dena. Karatasi ninayo, kidole kipo."

Mwanamke hakupiga kelele, na hilo lilimuudhi Muhidin zaidi, maana kwa kelele alikuwa amejiandaa.

"Dena. Dena aliyekuwa Mombasa akipakua meli. Mimi nikichimba mashimo haya alikuwa hapa? Chumvi na majivu ya kuweka chini ya mche alinipa yeye? Wewe siku ya kwanza hukuniuliza? Sikukujibu?"

"Mambo ya familia mtamalizana wenyewe. Mimi nina karatasi."

"Basi iangue hiyo karatasi upate nazi."

Akaketi, akaegemeza mgongo kwenye shina. Wale watu watatu wakatazamana. Mkubwa wao akashusha shoka.

"Bwana Muhidin, tusamehe. Mti aliyeupanda ameuegemea na amekataa. Huo hatuukati. Tafuta watu wa mbali."

"Mumekula chai yangu asubuhi!"

"Chai tutakurudishia. Huu hatuukati."

Angeweza kwenda polisi. Angeweza kumfikisha kwa chifu na karatasi yake. Lakini alikuwa amewahi kukaa kwenye baraza za kesi za miti, akaona zinavyokwenda mwaka mzima, mashahidi wanakufa na wengine wanazaliwa. Na kampuni haiwezi kuweka mitungi mahali penye kesi. Akaamua atamwita mkaguzi kwanza aone ua na kuta, minazi aseme itakatwa wiki hiyo. Watu wanaojenga ua walikuwa wakinywa madafu ya Kahonzi kila mchana, nao wakamtajia siku ya mkaguzi bila hata kuulizwa.

Tarehe tisa Oktoba, saa nne asubuhi, gari la Musembi liliingia langoni. Hatua kumi kutoka ukutani, chini ya mnazi, mafiga matatu yalikuwa yamepangwa vizuri, kuni za mkorosho zinawaka, na juu yake sufuria ya maji ya sima inachemka. Kahonzi alikuwa amekaa kwenye kibago, mwiko mkononi, amevaa leso mpya.

Musembi hakushuka hata na faili. Alisimama mlangoni mwa gari.

"Bwana Muhidin, hiki ni nini?"

"Huyu mama ni mwendawazimu—"

"Mimi mwendawazimu?" Kahonzi akauliza. "Mwanangu, mimi napika chini ya mti wangu. Wewe ulisema pasiwe na moto. Mimi nilimwambia huyu bwana minazi ina mwenyewe. Sasa kati yangu na yeye ni nani aliyeambiwa jambo akalisikia?"

Musembi akamgeukia Muhidin. "Mahali penye moto na ugomvi siwezi kutia sahihi. Nitarudi tarehe thelathini. Ikiwa hivi hivi, sitarudi tena, nitapeleka mitungi Mtwapa."

Gari lilipoondoka, Muhidin akaigeukia sufuria. Miezi sita ya kazi, saruji yote ile, waya wote ule, vimesimamishwa na sufuria ya maji! Akaisogelea, akainua mguu. Kahonzi akautazama ule mguu.

"Piga," akamwambia. "Maji yanatokota, na viatu vyako ni vya wazi."

Mguu ukarudi chini. Hilo ndilo lililomuuma hasa, kwamba alikuwa na haki ya kukasirika na bado mwanamke yule ndiye aliyekuwa akifikiri vizuri.

Siku mbili alizunguka na hasira yake nyumbani, akimgombeza kila mtu. Siku ya tatu akafanya anachofanya mfanyabiashara bidhaa inapokuwa mikononi mwa mwingine: akaenda kuuliza bei.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo ya leo imetoka wapi? Mwezi wa nne ulinipungia noti kama unaita mbwa."

"Nimekosea. Taja bei yako."

"Pesa za minazi yangu anazo Dena. Kazichukue huko." Akakohoa, akatema pembeni. "Mimi nataka mabati."

Muhidin akageuka kulitazama banda. Paa lile, ambalo warithi walimwachia pamoja na banda, lilipaswa kushushwa, maana ghala lilihitaji kuwa dogo na la wazi, na mabati yake yalikuwa ya zamani, mazito, ya aina isiyopatikana tena. Mjenzi mmoja wa hoteli ya Watamu alikuwa amekwisha kuyaagiza yote, mia na ishirini.

"Nitakupa thelathini."

"Yote."

"Mama, hata kwa Mungu watu husamehewa kitu! Hamsini."

"Kwa Mungu nikifika nitaongea naye. Wewe ni Muhidin. Yote."

"Mitano kati ya minazi hiyo ulipanda mumeo akiwa hai. Kwa mila hiyo ni ya kina Dena. Nikupe ya tisa. Sabini."

Kahonzi akamkodolea macho, na kwa mara ya kwanza Muhidin aliona hasira yake ikiwa wazi, bila mzaha juu yake. "Mtu amelaliwa na robota hapo ulipoegesha gari lako, halafu unampunguzia mkewe mabati kwa jina lake?"

Muhidin akaiacha hoja hiyo. Hakuona haya, aliona tu kwamba njia ile haipiti. Wakaenda hivyo hadi adhuhuri ikaadhiniwa. Mwisho wakaishia kwenye mabati tisini na mbao zote za paa. Nazi ziangushwe kwanza zote ziwe za Kahonzi, magogo yawe yake, na mitungi ikiingia, moto wake atauhamishia kwake ng'ambo ya njia.

"Umemaliza?" Muhidin akauliza.

"Bado. Dena aje hapa. Aseme minazi ni ya nani."

Kumleta Dena hakukuwa kazi ngumu. Muhidin alimweleza kwa sauti ya chini kwamba mtu akiuza mali isiyo yake, kituoni Malindi kuna chumba chake. Akaja tarehe ishirini na mbili, pamoja na naibu wa chifu na wazee wawili, akidhani atasema mara moja na kuondoka. Kahonzi akamchukua hadi mnazi wa kwanza, akaweka kiganja juu ya shina.

"Huu?"

"Nimeshasema si—"

"Huu nauliza."

"Si wangu."

Wakaenda wa pili. "Huu?" "Si wangu." Wa tatu, vivyo hivyo. Jua lilikuwa kali na Dena alikuwa anatokwa jasho kooni. Walipofika wa nne akaruka.

"Hii ya upande huu ni ya ndugu yangu! Mutanifanya nimkane maiti?"

Wazee wakaguna. Muhidin akatazama saa yake. Siku nane tu zilikuwa zimebaki. Lakini Kahonzi hakupandisha sauti.

"Huu hapa shimo lake alichimba Lewa. Siku ya Jumapili, akiwa na homa. Huu mmoja sema ni wa Lewa na Kahonzi. Hiyo mingine alikuwa amelala, amechoka, na mimi sikumwamsha. Wewe utajuaje? Hata aliyechimba humjui, na ukauza."

Dena akasema kama alivyoambiwa. Kisha akaendelea na iliyobaki, mti baada ya mti, sauti ikizidi kufifia, hadi wa kumi na nne. Alipomaliza alitema mate chini, akaenda zake bila kumuaga mtu. Pesa za Muhidin hakuzirudisha. Alikwisha kuzinunulia ng'ombe, na ng'ombe alikwisha kufa.

Nazi ziliangushwa kwa siku mbili. Kisha wale wale watu watatu wenye mashoka wakaja, na safari hii hawakusita. Mnazi wa Lewa ulikatwa pamoja na mingine, siku moja. Kahonzi alisimama akihakikisha magogo hayachanwi vibaya.

Musembi alitia sahihi tarehe thelathini. Lori la kwanza la mitungi liliingia katikati ya Novemba, na hadi mwaka 1989 hakukuwa na hoteli kati ya Malindi na Watamu isiyopika kwa gesi ya Muhidin. Yule tajiri wa Mtwapa alibaki na malori yake. Kwa upande mwingine, minazi ile Muhidin aliilipia mara mbili, na mjenzi wa hoteli aliyekosa mabati hakumpa tena kazi ya aina yoyote. Akipiga hesabu hukubali kwamba alipata zaidi ya alichopoteza, ila hesabu hiyo huifanya akiwa amekunja uso.

Kahonzi alijenga nyumba ya vyumba vitatu, paa la mabati ambalo kelele zake mvua ikinyesha husikika hadi ghalani. Chumba kimoja amempangisha mpakizi wa mitungi. Siku ghala lilipofunguliwa Muhidin alimpelekea jiko dogo na mtungi wake, mbele ya watu. Akavipokea, akashukuru, na wiki ile ile akauza vyote Gede. Nazi ya kutilia mboga siku hizi huinunua sokoni kama mtu mwingine yeyote, na muuzaji akitaja bei huigeuza mkononi, akaitikisa sikioni, akairudisha mara tatu kabla ya kulipa.

Kila mwaka Musembi huja na futi yake. Huanza ukutani, huvuka ua, huvuka njia, hufika kwenye mafiga matatu yaliyo mlangoni kwa Kahonzi, naye Kahonzi hukaa kwenye kibago chake, sufuria motoni, akingoja asikie.

"Hatua ishirini na moja," Musembi husema, akiandika.

Muhidin huwa amesimama upande wa pili wa waya. Hawasalimiani.